Uume uliopinda: Kipandikizi hutibu nini, na nini hakitibu

Kwenye kona ya barabara za l'Étuve na du Chêne, katikati ya mji wa Brussels, watalii husongamana kila siku kupiga picha sanamu ndogo ya shaba ya mtoto wa kiume anayekojoa hadharani.

Manneken Pis, kama wenyeji wanavyoiita, ilitengenezwa na Jérôme Duquesnoy mwaka 1619. Urefu wake hauzidi sentimita 60, ina mavazi zaidi ya 1,000, na hakuna anayeionea haya.

Mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapo, jirani na Porte de Namur, kuna mtaa wa Matonge, uliopewa jina la kitongoji cha Kinshasa. Kiswahili cha Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura husikika katika saluni na maduka ya vyakula. Hapo huzungumzwa siasa, mpira na bei za tiketi za ndege, tena kwa sauti kubwa.

Kuna jambo moja ambalo wanaume hawalizungumzi, hapo wala kwingineko: uume uliopinda, na ambao hausimami tena kama zamani.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika maradhi haya methali hiyo ina maana ya moja kwa moja, kwa kuwa mwanamume anayechelewa kusema hupoteza muda ambao ungeamua aina ya matibabu atakayopata.

Kovu lisiloonekana

Maradhi yenyewe huitwa ugonjwa wa Peyronie, kwa jina la François Gigot de la Peyronie, daktari wa upasuaji wa Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, aliyeyaeleza kwa maandishi mwaka 1743. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa maji ya chemchemi ya Barèges, katika milima ya Pyrenees. Hayakumnyoosha mtu.

Ili kuelewa kinachotokea, inafaa kujua umbile la ndani. Uume una mirija miwili ya nyama laini mfano wa sifongo, na kila mrija umezungukwa na gamba imara linaloweza kutanuka. Damu inapoingia kwa wingi, sifongo hufura, gamba hukaza, na njia za kutokea damu hubanwa. Hivyo ndivyo uume unavyosimama na kubaki umesimama.

Katika ugonjwa wa Peyronie, kovu gumu huota ndani ya gamba hilo. Madaktari wengi wanaamini kwamba chanzo ni majeraha madogo madogo wakati wa tendo la ndoa, ambayo kwa baadhi ya watu hayaponi vizuri. Sehemu yenye kovu haitanuki. Mfano wake ni puto refu lililobandikwa plasta upande mmoja: likipulizwa, hupinda kuelekea kwenye plasta.

Si saratani, na hauambukizi. Wala si adhabu ya dhambi za ujanani, ingawa kuna wanaoamini hivyo. Huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, na huonekana mara nyingi kwa wenye kisukari na kwa wale ambao vidole vya mikono yao hujikunja kutokana na makovu kwenye viganja.

Wala si nadra kama wengi wanavyodhani. Uchunguzi uliofanywa mjini Cologne, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2001, uliukuta kwa asilimia 3.2 ya wanaume waliojibu, na kwa kiwango kikubwa zaidi miongoni mwa waliozidi umri wa miaka 70.

Hali hii haina budi kutofautishwa na kupinda kwa kuzaliwa nako. Kijana ambaye uume wake umekuwa na mpindo tangu alipobalehe, asiye na uvimbe wala maumivu, hana ugonjwa wa Peyronie. Na mpindo mdogo usiozuia lolote hauhitaji matibabu hata kidogo.

Kabla ya kisu

Ugonjwa huu hupita katika vipindi viwili, na kutojua tofauti yake kumewagharimu wengi.

Kipindi cha kwanza ndicho cha maumivu. Mpindo hubadilika mwezi hadi mwezi, na huweza kuendelea kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Katika kipindi cha pili maumivu hutoweka na mpindo hutulia mahali pamoja. Upasuaji haufanywi mpaka hali iwe imetulia kwa miezi kadhaa, kwa sababu kunyoosha kitu ambacho bado kinaendelea kupinda ni kazi bure.

Katika muda huo mgonjwa hupewa dawa za kutuliza maumivu, na wengine hupewa kifaa cha kuvuta uume taratibu kwa saa kadhaa kila siku. Vitamini E, iliyoandikwa kwa wagonjwa hawa kwa miaka mingi, haijathibitika kunyoosha chochote. Tiba ya mawimbi ya mshtuko, inayotangazwa na kliniki nyingi za binafsi barani Ulaya, inaweza kupunguza maumivu lakini hainyooshi mpindo. Anayelipia tiba hiyo kwa matumaini ya kunyooka anapaswa kuambiwa ukweli huo kabla ya kutoa pesa.

Wasomaji wanaoishi Ulaya hukutana na utata mwingine. Ipo sindano ya kimeng'enya kinachoyeyusha kovu, iliyoidhinishwa nchini Marekani kwa ugonjwa huu mwishoni mwa mwaka 2013. Barani Ulaya ilipata kibali baadaye, lakini mtengenezaji aliiondoa sokoni mwaka 2020, kwa sababu za kibiashara. Mgonjwa wa Brussels anayesoma kurasa za Wamarekani huenda akamwomba daktari wake dawa ambayo daktari huyo hana pa kuipata.

Kisha huja swali linaloamua yote yanayofuata: je, uume bado unasimama vizuri, wenyewe au kwa msaada wa vidonge?

Ikiwa unasimama, kipandikizi si tiba yake. Daktari anaweza kuunyoosha kwa kushona na kukaza upande ulio mrefu, njia iliyotokana na kazi ya daktari Nesbit wa Marekani mwaka 1965, au kwa kulikata kovu na kuweka kiraka. Njia ya kwanza hupunguza urefu kidogo. Ya pili hulinda urefu, lakini huongeza hatari ya nguvu kupungua baadaye.

Ikiwa hausimami, hata kwa vidonge vya sildenafil, vilivyoingia sokoni mwaka 1998 kwa jina la Viagra, na hata kwa sindano zinazodungwa kwenye uume wenyewe, hapo ndipo kipandikizi huingia katika mazungumzo. Kuunyoosha uume usiosimama hakumsaidii mgonjwa. Kipandikizi hushughulikia matatizo yote mawili kwa upasuaji mmoja.

Mashine iliyofichwa mwilini

Vipandikizi ni vya namna mbili.

Cha kwanza ni fimbo mbili zinazokunjika, zinazoingizwa ndani ya mirija ile miwili ya sifongo. Uume hubaki mgumu wakati wote. Mwenyewe huuinua anapouhitaji na kuukunja chini anapomaliza. Ni rahisi kutumia, ni nafuu, na hakina sehemu nyingi za kuharibika. Kasoro yake ni kwamba huweza kuonekana chini ya nguo nyepesi, na kwa mvaaji wa kanzu au msuli hilo si jambo dogo.

Cha pili hujazwa maji. Kilianza kuelezwa mwaka 1973 na daktari F. Brantley Scott wa Houston, Marekani, pamoja na wenzake, na kimeboreshwa mara nyingi tangu wakati huo. Kile kinachotumika zaidi kina sehemu tatu: silinda mbili ndani ya uume, pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani, na kifuko cha maji ya chumvi yaliyotakaswa, kinachofichwa chini ya misuli ya tumbo au karibu na kibofu cha mkojo.

Mwenye nacho huibonyeza pampu mara kadhaa kwa vidole. Maji hutoka kwenye kifuko, huingia kwenye silinda, na uume husimama. Akimaliza, hubonyeza sehemu nyingine ya pampu hiyo hiyo, na maji hurudi yalikotoka. Hakuna betri wala waya, na kwa nje hakuna kinachoonekana isipokuwa kovu dogo la upasuaji.

Kwa mgonjwa wa Peyronie kazi huwa na hatua ya ziada. Mara nyingi silinda zikijazwa maji, uume hunyooka kwa sehemu kubwa kwa nguvu ya silinda zenyewe. Mpindo ukibaki mkubwa, daktari huushika uume ukiwa umejaa na kuukunja upande wa pili kwa takriban dakika moja na nusu, mpaka kovu lipasuke na kulegea. Mbinu hiyo, iliyoelezwa na madaktari Wilson na Delk mwaka 1994, yaweza kuonekana ya kikatili kwa asiyeijua, lakini mgonjwa huwa amelala kwa dawa ya usingizi au ya ganzi na hasikii kitu. Isipotosha, daktari hushona upande mrefu, au hulikata kovu na kuliziba kwa kiraka.

Operesheni yote huchukua saa moja hadi mbili, na zaidi kidogo pale kovu linapokuwa kubwa. Tendo la ndoa husubiri wiki nne hadi sita, baada ya daktari kumfundisha mgonjwa kuitumia pampu.

Kisichorudi

Kuna jambo ambalo baadhi ya matangazo hulipitia haraka. Silinda zikishaingia, nyama ile ya sifongo haitaweza tena kusimamisha uume kwa njia ya asili. Kipandikizi kikiondolewa, hakuna kidonge kitakachoirudisha hali ya awali. Ndiyo sababu madaktari makini hukiweka mwisho wa orodha.

Kipandikizi hakiongezi urefu. Ugonjwa wa Peyronie wenyewe huufupisha uume, na mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akiwa na urefu uliobaki, si ule anaoukumbuka. Wengi wanaojutia upasuaji hujutia hilo, na ni busara daktari aupime urefu na kuutaja kabla ya siku ya upasuaji.

Hakileti hamu kwa asiyekuwa nayo, wala hakipatanishi ndoa iliyovunjika kwa sababu nyingine. Kichwa cha uume hakifuri kama zamani. Kwa upande mwingine, kwa kawaida hakiondoi hisia za ngozi, kilele cha starehe, wala uwezo wa kutoa shahawa, ikiwa mtu alikuwa navyo kabla.

Hatari inayoogopwa zaidi ni maambukizi. Kwa anayewekewa kwa mara ya kwanza, kwa vifaa vya siku hizi vilivyopakwa dawa za kuua vijidudu, huwapata wachache, takriban mmoja hadi watatu kati ya 100. Lakini vijidudu vikishashika kwenye kipandikizi, dawa za kumeza peke yake kwa kawaida hazitoshi; sharti kifaa kitolewe. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa yuko hatarini zaidi, na huenda daktari akaahirisha upasuaji mpaka sukari ishuke.

Kifaa nacho huchakaa. Vingi hufanya kazi kwa zaidi ya miaka 10, lakini mtu mwenye umri wa miaka 50 anayekiweka leo ajue kuwa huenda akahitaji upasuaji wa pili kabla hajawa mzee sana.

Mke ana nafasi yake katika uamuzi huu. Wapo wanaoficha mpaka siku ya kulazwa, na mwenza hujikuta anakabiliwa na jambo lililokwisha kuamuliwa. Katika kliniki nyingi za Ulaya daktari humwalika mwenza kwenye mazungumzo, naye huuliza maswali ambayo mwanamume hathubutu kuyauliza.

Kwa anayeishi Ubelgiji, mlango wa kuingilia ni daktari wa familia, ambaye humwelekeza mgonjwa kwa bingwa wa mfumo wa mkojo. Hospitali za vyuo vikuu mjini Brussels, Saint-Luc, Erasme na UZ Brussel, zote zina idara hiyo.

Sheria ya haki za mgonjwa ya tarehe 22 Agosti 2002 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na matibabu yake kwa lugha iliyo wazi, na ya kukubali au kukataa baada ya kuelewa. Kwa mtu ambaye Kifaransa chake ni cha sokoni na Kiholanzi hana, haki hiyo ni muhimu kuliko anavyofikiri. Hospitali nyingi nchini humo zina wapatanishi wa kitamaduni, ambao hufasiri na kuzishika siri za mgonjwa. Ni afadhali kumwomba mmoja wao kuliko kwenda na mtoto wako wa shule akutafsirie habari za uume wako.

Gharama ziulizwe mapema na kwa maandishi, kwa hospitali na kwa bima ya afya, ile ambayo wakazi wa Brussels huiita mutuelle. Jambo moja huwanasa wageni: kuchagua chumba cha peke yako ndiko kunakoruhusu ada za ziada za madaktari, na fomu inayosainiwa siku ya kulazwa ndiyo inayoamua.

Kadi kutoka Brussels

Mji huu una uhusiano mwingine na kipandikizi, hata kile kinachowekwa Lisbon au Warsaw. Sheria inayokisimamia barani Ulaya ilitungwa katika taasisi za Umoja wa Ulaya zenye makao yake hapa.

Mwaka 2010 iligundulika kuwa kampuni ya PIP ya Ufaransa ilikuwa ikijaza vipandikizi vya matiti kwa silikoni ya viwandani. Wanawake wengi hawakujua hata ni kifaa gani walichokuwa nacho mwilini. Kashfa hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Kanuni namba 2017/745 ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2021 baada ya kuahirishwa mwaka mmoja kwa sababu ya janga la korona. Watengenezaji wa vifaa vya zamani wameongezewa muda hadi 2027 na 2028.

Kwa mgonjwa, tunda lake la karibu zaidi ni kadi. Anayewekewa kipandikizi hupewa kadi yenye utambulisho wake pamoja na jina la kifaa, namba yake na mtengenezaji wake. Wengine huitupa kwenye droo na kuisahau.

Kosa hilo huonekana safari ya kurudi nyumbani inapowadia. Chukua mfano wa mtu aliyewekewa kifaa Brussels, kisha akastaafu na kurudi Bukavu au Kigoma. Miaka kadhaa baadaye anaugua ngiri, na daktari anampasua tumbo bila kujua kuwa kifuko cha maji kimefichwa pale pale anapokata. Au anafikishwa hospitali akiwa hajitambui baada ya ajali, na muuguzi anataka kumwekea mpira wa mkojo uume ukiwa umejaa maji. Kadi ikiwa mfukoni, daktari huyo anajua cha kuepuka, na anajua kama kipimo cha MRI ni salama kwa kifaa hicho.

Na nyumbani je?

Ngiri yenyewe, tukiitaja, ina historia yake katika suala hili. Kuanzia Mombasa hadi Kigoma, vibao na redio hutangaza dawa ya ngiri na nguvu za kiume katika chupa moja, kana kwamba ni maradhi mamoja. Ngiri ni utumbo au mafuta kupenya kwenye ukuta wa tumbo, na haipindishi uume.

Dawa hizo zina hatari ya aina mbili. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta bidhaa zilizouzwa kama mitishamba zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafil, ambayo kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti inaweza kushusha shinikizo la damu kiasi cha kuua. Hatari ya pili ni ya kimya: nguvu za kiume zinapopungua, mara nyingi huwa ni dalili ya awali ya kisukari au ya mishipa ya damu kuziba. Anayejitibu gizani huikosa dalili hiyo.

Upasuaji wenyewe umeanza kufika karibu. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila jijini Dar es Salaam, ilitangaza kuanza kuwawekea vipandikizi wanaume wenye upungufu wa nguvu za kiume. Neno kipandikizi, lililokuwa likihusishwa zaidi na uzazi wa mpango na figo, likaingia katika mazungumzo ya vijiwe, mara nyingi kwa kicheko.

Hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi nayo ina taasisi ya magonjwa ya mfumo wa mkojo, ambamo mabingwa wa kanda hii wamekuwa wakifunzwa kwa miaka mingi. Kwa mwanamume aliyeanza tu kuhisi uvimbe mgumu na maumivu, bingwa wa aina hiyo anatosha kabisa: atapapasa, atauliza tangu lini, atapima sukari, na ataomba kuona picha ya uume ukiwa umesimama, ambayo mgonjwa huipiga mwenyewe nyumbani.

Picha hiyo ndiyo huwashinda wengi. Daktari huihitaji kwa sababu uume uliolala hauonyeshi mpindo, na bila kuujua ukubwa wa mpindo hawezi kusema kama umetulia au bado unaendelea. Ipigwe kutoka juu na kutoka ubavuni, na uso usiwepo.